Mtungi wa Jasmine

Picha ile Hulda aliiona Jumamosi saa mbili na nusu asubuhi, akiwa amesimama ndani ya duka lake la dawa za mifugo pale Makambako, simu mkono mmoja na kijiti cha kupimia mkono mwingine. Ilikuwa kwenye status ya Jenifer, dada yake Kefa. Mama Kefa amekaa nje ya jiko lake kule Kichiwa, anamenya viazi. Pembeni yake kakaa Jasmine, kajifunga kitenge cha mama, kisu mkononi, anacheka. Chini ya picha Jenifer alikuwa ameandika: Karibu nyumbani, wifi.

Hulda aliyasoma maneno yale mara tatu. Kisha akaitazama picha upya, akakigundua kitenge. Kilikuwa cha kijani chenye maua ya njano. Yeye mwenyewe ndiye aliyekinunua, akakikunja vizuri, akampelekea Mama Kefa Krismasi iliyopita. Mwaka mzima hakuwahi kumwona mama yule amekivaa. Leo alikuwa amekitoa kabatini, amemfunga Jasmine.

Aliweka kijiti juu ya kaunta. Hakukumbuka hata alikuwa anataka kupima nini.

Hulda alikuwa mtu wa Makete, miaka thelathini na sita, na duka lile alilijenga peke yake tangu lilipokuwa meza moja ya kuuzia dawa za minyoo. Sasa aliuza chanjo, dawa za kuogeshea, hata mbegu za ng'ombe za uhimilishaji, alizozihifadhi kwenye mitungi ya naitrojeni, kimiminika chenye baridi kuliko barafu, kule stoo. Watu walimheshimu. Lakini kulikuwa na jambo moja walilolisema akishageuka. Aliwahi kuolewa Mbeya, akakaa miaka minne, mume na ndugu zake wakamrudisha kwao kwa maelezo kwamba hazai. Hakuna aliyewahi kumpima yule mume. Hulda alirudi na sanduku moja na jina ambalo halikuwa lake.

Kefa aliingia dukani miaka miwili iliyopita, kununua dawa ya minyoo ya kondoo wake wa utafiti. Alikuwa mtaalamu wa mifugo pale Njombe mjini, mrefu, mpole, anaongea taratibu kama mtu anayechagua mbegu za kupanda. Hulda alimuuliza tu, kwa kupitisha muda, utafiti wenyewe ni wa nini. Kefa akaegemea kaunta, akamweleza kwamba majike wasiposhika mimba mfugaji huwauza, lakini dume hamgusi, kwa sababu ana pembe nzuri na anapanda vizuri. Kumbe yeye amefuatilia madume misimu miwili, na wapo wengi wenye mwili, wenye nguvu, ambao hawazalishi.

"Wana kasoro gani?" Hulda aliuliza.

"Kwa macho hawana kasoro. Tatizo liko ndani," Kefa alisema. "Mwili una maelekezo yake, ndizo jeni. Zote zipo, lakini si zote ziko macho. Ubongo unatuma homoni, na korodani inatakiwa iamshe jeni fulani ndipo mbegu zikomae. Kwa baadhi ya madume hazijaamka. Nataka kujua ni zipi. Maana jike anauzwa kwa kosa ambalo si lake."

Hulda alisahau kumfungia dawa yake. Alisimama pale, macho yamemjaa maji, na yule kijana akadhani ni harufu ya dawa ya kuogeshea, akaomba radhi kwa kumchosha. Ndivyo mapenzi yao yalivyoanza.

Wiki tatu zilizopita ndipo alipokuja Jasmine. Alitoka chuo kikuu cha Morogoro, anasomea shahada ya juu kabisa kuhusu mambo hayohayo ya jeni na uzazi wa madume. Alikuwa na miaka ishirini na minane, sauti nyororo, na kicheko ambacho Hulda alikifahamu kabla hajamwona mwenyewe, kwa sababu kilikuwa kikisikika nyuma ya simu kila Kefa alipompigia. Tangu aje, sentensi za Kefa zilikuwa zikianza na "Jasmine anasema". Jioni moja Hulda alizihesabu. Zilikuwa kumi na moja, na hapo hawajamaliza chai.

Alhamisi ya wiki hiyo walichinja madume kumi na wawili kule Njombe, sita wanaozalisha vizuri na sita wasiozalisha. Walikata vipande vya korodani na kuvitumbukiza kwenye naitrojeni papo hapo, kwa sababu ujumbe wa mwilini unaoonyesha jeni ipi ilikuwa macho huharibika dakika chache tu baada ya mnyama kufa. Vipande vikaingia kwenye mtungi wa Jasmine, wenye jina lake kwa kalamu nene nyeusi. Mtungi wenyewe ulikuwa mzee, unapoteza naitrojeni haraka, ukitaka kuongezwa asubuhi na jioni. Ofisi ya Njombe ilikuwa imeishiwa. Basi Ijumaa Kefa aliuleta kwa Hulda, akauweka stoo, akamwambia Jumapili asubuhi watakuja kuuchukua, Jasmine apande nao basi la kutoka Songea, arudi Morogoro. Jumamosi yeye na Jasmine wangekuwa vijijini, kumalizia hesabu ya wana-kondoo waliozaliwa.

Hakusema kwamba kijiji kimojawapo ni Kichiwa. Hakusema kwamba wangefikia kwa mama.

Hulda alivaa sweta, akafunga duka, akavuka barabara hadi kwa Sila, jirani yake anayebeba viazi kwa gari dogo la mizigo, aliyekuwa anaelekea hukohuko. Sila alimuuliza kama kuna msiba. Hulda akajibu hakuna, akatazama dirishani, kijiji baada ya kijiji gari likisimama kupakia viazi, mpaka walipofika.

Mama Kefa alikuwa bado uani alipoingia. Jasmine alikuwa anapakua maharage, kile kitenge kiunoni.

"Kamwene, mama. Shikamoo," Hulda alisema, akitanguliza salamu ya Kibena.

"Marahaba, binti. Kamwene. Mbona ghafla? Au mmepanga na Kefa hakuniambia?" Mama hakusimama. Macho yake yalishuka kwenye tumbo la Hulda, yakakaa pale kidogo, kisha yakapanda usoni. Alikuwa akimsalimia hivyo siku zote.

Akamkaribisha kukaa. Akamwambia amwone mwenzake, msomi mzima, lakini ameshika kisu kama msichana wa hapahapa Ubena. Tena bado mdogo. Alilitamka neno hilo la mwisho polepole, akimtazama Jasmine, na Hulda ndiye aliyelisikia. Jasmine alimwamkia vizuri, "Shikamoo dada Hulda," akampisha kigoda. Hulda alitafuta usoni mwake dalili ya kejeli, akakosa. Alichokiona kilikuwa kibaya zaidi. Kefa alipotokea nyuma ya zizi na daftari lake, uso wa yule binti uling'aa kabla hajajizuia.

Kefa naye aling'aa, ila kwa kumwona Hulda. Kisha akauona uso wake, akaelewa kuna jambo. Walikwenda kusimama pembeni ya zizi, mahali ambapo mama angewaona lakini asingewasikia.

"Umekuja kufanya nini, Hulda?"

"Kuona."

"Kuona nini?"

"Mahali nilipopungukia."

Kefa alifunga daftari. Alisema kama Hulda angemuuliza kwa simu, yeye angemweleza kila kitu. Walipita kwa mama kwa sababu kondoo wa jirani walikuwa kwenye orodha, mama akawalazimisha kula. Hulda akamwonyesha picha. Kefa akaisoma, akasema Jenifer ana utani wa kijinga na atamwambia aitoe.

"Na kitenge?"

"Kitenge gani?"

Hakujua. Hulda alitamani angejua na kunyamaza, kuliko kutokuona kabisa.

"Jumapili ijayo tunampelekea mchungaji majina yetu, ndoa itangazwe," alisema. "Na mama yako anamvalisha mwanamke mwingine nguo niliyompa. Ananitazama tumbo kabla hajanitazama uso. Nimechoka kupimwa, Kefa. Huyo binti ni mdogo, amesoma, anaongea lugha yako. Ukimwoa hakuna atakayekuuliza kitu."

"Mimi sijamtaka Jasmine."

"Yeye anakutaka."

Kefa aligeukia zizi. Kondoo mmoja alikuwa akijikuna kwenye ubao wa zizi, kwa bidii, kana kwamba hawapo.

"Aliniambia," Kefa alisema hatimaye. "Wiki ya kwanza. Nikamwambia nina mchumba, yakaisha. Sikukueleza kwa sababu nilijua utakuwa hivi ulivyo sasa."

Wivu wa Hulda ulikuwa umetafuta jambo la kushika tangu asubuhi, na sasa ulikuwa umelipata. Alisema maneno ambayo baadaye hakutaka kuyakumbuka. Alimwita mwongo. Akamwambia wanaume wote wanaanza kwa kuficha dogo, na mwisho mwanamke anajikuta kituo cha basi na sanduku lake.

"Mimi si yule wa Mbeya," Kefa alisema. Hakupandisha sauti, lakini alikuwa ameumia. "Kila siku unangoja nifanye alichofanya yeye. Unajua Jasmine alitaka mtungi ukae nyumba ya wageni alikofikia, autazame mwenyewe? Nikamwambia hapana, uende kwa Hulda. Kazi yangu ya miaka miwili imo mle, na nikamwambia ikiwa kwa Hulda mimi nalala usingizi."

Mtungi. Hulda aliukumbuka. Aliona kijiti juu ya kaunta, pale alipokiweka, na stoo iliyofungwa kwa kufuli. Ilikuwa saa saba kasoro. Hakuuongeza tangu jana jioni.

Alifungua mdomo amwambie. Wakati huohuo Jasmine akatokea kwenye kona ya jiko, akawaita kwa upole kwamba chakula kinapoa. Kefa akageuka kumjibu. Kugeuka tu kule, sekunde moja, kulitosha. Hulda alimeza maneno yake, akamuaga mama kwa heshima zote, akaondoka na pikipiki mpaka barabara kuu.

Alifika Makambako saa tisa. Alitumbukiza kijiti kwenye mtungi, akakitoa, akakipunga hewani. Barafu nyeupe ya kuonyesha kimo cha naitrojeni ilishika chini tu, vidole vinne. Vipande vilikuwa vimepangwa ghorofa mbili. Ya chini ilikuwa bado imezama. Ya juu ilikuwa wazi, na alipoigusa kwa koleo, kichupa kimoja kilikuwa kimeanza kutoa jasho.

Alimimina naitrojeni mpaka juu. Moshi mweupe ulimwagika sakafuni, ukamzunguka miguu. Baada ya dakika chache kila kitu kiliganda upya. Kijiti kilionyesha mtungi umejaa, kama ambavyo ungekuwa asingeondoka.

Hapo ndipo wazo lilipomjia. Hakuna ambaye angejua. Kipande kilichoyeyuka kikaganda tena hakionekani tofauti kwa macho. Kesho Jasmine angeondoka na mtungi wake wenye jina lake. Miezi mitatu baadaye maabara ingetoa majibu ya ovyo, na swali la kwanza lingekuwa nani aliusafirisha. Hulda alijiona akisikiliza habari hiyo. Alimwona Kefa anakaa pale kwenye benchi la wateja, amekata tamaa na yule msomi mdogo, na yeye anamfariji. Raha ilimpitia mwilini, raha ya kweli, yenye joto, na kwa muda hakuifukuza.

Jioni Kefa alituma ujumbe kwamba watafika saa tatu asubuhi. Hakuandika "mpenzi". Hulda alijibu sawa. Hakula. Asubuhi kengele ya kanisa ilipolia hakwenda, akakaa kwenye duka ambalo halikufunguliwa, amelitazama lile jina jeusi kwenye mtungi. Alikuwa akifikiria madume wale. Wengine walikuwa hawana kosa, wengine walikuwa na kasoro isiyoonekana, na wote wamechinjwa ili mtu apate kusema ukweli kuhusu majike. Nayo majibu hayo yangetoka ya uongo, kwa mkono wake yeye, mwanamke ambaye uongo wa namna hiyo ulimharibia ujana wake wote.

Walifika saa tatu na dakika kumi. Kefa alisalimia akabaki mlangoni. Jasmine aliingia stoo, akapima kwa kijiti, akatabasamu.

"Ahsante, dada Hulda. Umeutunza kama wako."

"Sikuutunza," Hulda alisema. "Jana asubuhi sikuuongeza. Nilikuwa nimeshika kijiti hichohicho, nikaona ile picha, nikafunga duka nikaja Kichiwa. Niliporudi saa tisa kulikuwa na vidole vinne. Ghorofa ya juu ilikuwa nje. Nikajaza, na nikataka kunyamaza."

Kefa alisogea mpaka mlango wa stoo.

"Kwa nini ulitaka kunyamaza?" Kefa aliuliza.

"Ili lawama zimwendee yeye." Alimwonyesha Jasmine kwa kidevu. "Nilitaka umchukie."

Kefa alimtazama kana kwamba amepigwa. Kisha akatoka nje, akasimama upande wa pili wa barabara, amewapa mgongo.

Jasmine alikaa juu ya gunia la chumvi ya mifugo. Alikuwa amepauka. Alipoanza kuongea aliuliza maswali tu. Mara ya mwisho kuongeza ilikuwa saa ngapi? Vidole vinne vya mkono upi, amwonyeshe. Kichupa kilichotoa jasho kilikuwa namba gani? Aliandika kila jibu nyuma ya daftari, mkono umetulia kuliko uso. Mwishoni alihesabu. Ghorofa ya juu ilikuwa na madume wanne, na watatu kati yao ni wale wasiozalisha.

"Hao tumewapoteza," alisema. "Wamebaki wanane. Ni wachache, profesa wangu atanisumbua, lakini wanane wa kweli wanaweza kusema kitu. Usingesema, ningewapima wote kumi na wawili pamoja, na hao wanne wangewaharibu wenzao. Ningeandika upuuzi na nisijue."

"Nisamehe, mdogo wangu."

"Sasa hivi siwezi, dada. Labda nikifika Morogoro." Jasmine alifunga daftari, akakaa kidogo. "Ila nikuambie kitu, usije ukajiona kichaa. Ulichokiona kwangu hukukosea. Nilimtaka. Jana mama aliponifunga kile kitenge nilifurahi, ingawa nilijua si mahali pangu. Kefa ndiye uliyemdhania vibaya. Mimi hukukosea sana kunidhania."

Wanawake wale wawili walibeba mtungi pamoja mpaka mlangoni, mmoja kila upande. Kefa alivuka barabara akaupokea, bila kumtazama Hulda, wakaenda kituoni. Hulda aliwafuata kwa macho mpaka walipopotea kwenye kona. Kwa mara ya kwanza tangu binti yule aje, aliwatazama wakiondoka wawili na hakuhisi wivu. Alihisi woga tu, kwamba huenda mmoja asirudi.

Alifungua duka, kwa sababu hakujua afanye nini kingine. Mzee mmoja kutoka Kidugala alikuja kutaka dawa ya kupe, Hulda akamweleza namna ya kuichanganya, akajisikia akiongea kwa sauti ya kawaida, na akajishangaa.

Kefa alirudi saa tano na robo. Alikaa kwenye benchi la wateja, mbali na kaunta.

"Amepanda," alisema. "Basi lilichelewa."

"Umekula?"

"Sijala. Nawe?"

"Tangu jana."

Kefa alitoka, akarudi na chapati nne na supu kwenye chombo cha plastiki, akaviweka katikati ya kaunta. Walikula wakiwa wamesimama. Alipomaliza alifuta mikono polepole, kidole kimojakimoja.

"Mama nilimweleza jana jioni," alisema. "Nilimwambia akitaka mkwe mwingine atafute na mwana mwingine. Alilia. Niliyasema yale nikiwa sijui bado ulichofanya. Leo ningeyasema tena, lakini ingekuwa kazi."

Hulda alitikisa kichwa kukubali. Alitaka kumshika mkono, akaona haruhusiwi.

"Nina hasira nawe, Hulda. Kesho nitakuwa nayo, keshokutwa pia. Usije ukadhani hasira ni kuondoka. Ni vitu viwili."

"Na mchungaji?"

"Jumapili ijayo hatuendi. Tutakwenda siku utakayoweza kuniona na mwanamke mwingine, ukaendelea na kazi iliyo mkononi mwako."

"Na ikichelewa, hiyo siku?"

Kefa alifikiri kwa uaminifu, kama alivyofikiri kila swali.

"Mimi kazi yangu ni kungoja kondoo wazae," alisema. "Nimezoea."

Hulda alicheka bila kutaka, machozi yakimtoka. Kefa hakucheka. Lakini hakuondoka mpaka jioni alipofunga duka.